Kodi ni Nafuu, Nyumba Imepungua Nini?

Kila Idi mdogo wangu akija kutoka Nairobi, ugomvi wetu huanza kabla sinia la pilau halijaondolewa mkekani. Yeye anakaa Donholm, mimi nakaa Tudor. Yeye analipa shilingi 28,000 kwa nyumba ya vyumba viwili vya kulala, mimi nalipa 25,000. Kwake yeye hesabu imekwisha hapo. "Kaka, nyinyi wa Mombasa mnalalamika bure tu. Upepo wa bahari mnao, vyumba vikubwa mnavyo, na bado mnatushinda kwa elfu tatu." Mama huitikia kwa kichwa. Mtoto aliye mbali huwa hakosei.

Idi iliyopita nilimwambia tusibishane kwa mdomo. Tukatoa simu, tukafungua jumbe za M-Pesa za mwezi mzima, na nyuma ya kalenda ya mwaka jana tukaandika kila shilingi iliyotutoka kwa sababu ya nyumba. Kodi ilikuwa mstari wa kwanza tu. Mstari wa pili ulikuwa maji, na hapo ndipo alipoacha kucheka.

Jengo ninalokaa lina kisima. Maji yake hupandishwa kwenye matangi ya juu na kushuka katika kila mfereji, usiku na mchana, kwa hivyo dalali aliyenileta hakusema uongo alipoapa kwamba maji hapa hayakatiki. Alichonyamazia ni kwamba ni maji ya chumvi. Ukikoga nayo sabuni haitoi povu. Ukifua shuka inakauka ngumu kama kadibodi. Mfereji wa jikoni nimeubadilisha mara mbili. Wa kwanza ulilika polepole mpaka siku moja nikabaki na kifundo chake mkononi. Kupika na kunywa hutaka maji matamu, na hayo huja kwa mkokoteni. Kijana anayetuletea ana bei mbili: mtungi wa lita 20 ni shilingi 20 ukiuchukua mwenyewe pale chini, na 30 akikupandishia ghorofa ya tatu. Tuko watu watano, magoti yangu si ya jana, tunachukua mitungi mitano kwa siku. Hiyo ni 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi. Mifereji ya mji ikikauka kabisa bei ya mtungi huwa haina adabu tena, lakini mwezi tuliouandika ulikuwa wa kawaida.

Mdogo wangu kwenye mstari huo aliandika 500.

Si kwamba Nairobi inaogelea kwenye maji. Kwao ni mgao, siku zinazojulikana na siku zisizojulikana, na sehemu kubwa ya maji yao hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba wake amechimbia tangi kubwa chini ya maegesho na kufunga pampu, na gharama hiyo imo ndani ya ile 28,000. Wangu amenipa kisima cha chumvi na kuniachia mimi na kijana wa mkokoteni tumalizane. Zile elfu tatu ambazo kila Idi nilikuwa nikiambiwa nimezipata, nilikuwa nikizilipa chini ya ngazi, shilingi 150 kila asubuhi, na hakuna aliyekuwa akiziita kodi.

Mji huu maji yake ya mfereji hutoka nje ya kaunti. Bomba la chemchemi za Mzima, kutoka Taita Taveta, lilikamilika mwaka wa 1957. Mengine hutoka Baricho upande wa Kilifi, mengine Marere na Tiwi kule Kwale. Bomba la pili la Mzima nimeanza kuahidiwa nikiwa shule ya msingi. Bwawa la Mwache limekuwa likijengwa kwa miaka. Wakati huo huo mji umepanda ghorofa juu ya ghorofa, na kila ghorofa ni vyoo vipya na jikoni mpya. Wazee wetu walikuwa na mzegazega, aliyebeba maji begani kwa mti wenye debe huku na debe huku. Sisi tuna mkokoteni wenye magurudumu ya gari. Ukiuliza maendeleo ya maji Mombasa yamefika wapi, hapo ndipo yalipofika.

Mstari wa tatu ulikuwa stima. Bei ya stima ya nyumbani ni moja nchi nzima, lakini ina ngazi: wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini, wa kati ya 30 na 100 bei ya kati, na ukivuka 100 unaingia bei ya juu. Aliyepanga ngazi hiyo bila shaka alikuwa akimfikiria mtu tajiri mwenye vyombo vingi. Mimi si tajiri. Nina pangaboi tatu na friji. Februari na Machi, kaskazi inapoishiwa nguvu na kusi haijafika, usiku bila pangaboi ni usiku wa kukaa kitako kitandani. Zinazunguka toka magharibi hadi alfajiri, na mwezi unaisha nikiwa nimepita yuniti 100. Mdogo wangu analala na blanketi mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari na hazikaribii. Ni kweli anachemsha maji ya kuoga, nami naoga ya baridi mwaka mzima bila kulalamika, lakini shawa yake ni dakika tano na pangaboi yangu ni saa kumi. Yeye 1,900, mimi 4,000.

Nauli ilimrudisha yeye chini, na nakiri nilifurahi. Mimi kutoka Tudor hadi mjini ni matatu ya shilingi 50, na siku nikiwa na hasira na dereva ninakwenda kwa miguu. Siku 26 za kazi, 2,600. Yeye hutumia 200 kwa siku, yaani 5,200, na juu ya hizo hutumia takriban saa mbili na nusu barabarani, ambazo hatukujua tuziandike kwa kipimo gani.

Tukajumlisha. Tudor: 36,100. Donholm: 35,600.

Alikaa kimya, nami nikakaa kimya, kwa sababu ushindi wa kulipa shilingi 500 zaidi si wa kushangilia. Na najua haya ni madaftari ya nyumba mbili. Ungelinganisha mitaa ya wenye nacho, Nyali ya kwetu na Kileleshwa ya kwao, ungeandika mistari mingine, ya walinzi na jenereta na lifti, na huenda majibu yakageuka. Lakini nyumba za watu wengi zinafanana zaidi na zetu kuliko na hizo.

Kinachonishangaza ni kwamba hata serikali haijaamua kama Mombasa ni ghali au ni rahisi. Amri ya kima cha chini cha mshahara inaiweka Mombasa kundi moja na Nairobi, Kisumu na Nakuru: kibarua wa kawaida, kwa amri ya Novemba 2024, aliwekewa shilingi 16,113.75 kwa mwezi popote kati ya miji hiyo. Fungua sasa kitabu cha marupurupu ya nyumba ya watumishi wa umma. Kwa miaka mingi Nairobi imekaa peke yake ngazi ya juu, na Mombasa imeshushwa ngazi moja na wenzake. Kwa hivyo mwajiri akimlipa mfagizi anaambiwa Mombasa ni sawa na Nairobi, na mwalimu akilipwa nyumba anaambiwa Mombasa ni nafuu. Waliokaa mezani wakaandika ngazi hizo naamini walitazama kodi, na kodi peke yake. Hakuna aliyehesabu mitungi.

Kuna mahali pengine ambapo tarakimu za serikali zinachekesha, ukiwa na moyo wa kucheka. Kima cha chini hakijumuishi nyumba. Desturi ya kanuni za mishahara ni kuongeza asilimia 15. Asilimia 15 ya 16,113.75 ni shilingi 2,417. Na Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ile inayompa mpangaji pa kukimbilia akipandishiwa kodi ovyo, inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500. Sheria mbili, za nyakati tofauti, zimekutana kwenye nyumba ile ile ya kufikirika ya shilingi elfu mbili na mia tano. Nimeitafuta nyumba hiyo.

Karibu niipate Majengo, kwa shangazi yangu. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati kama barabara, baraza mbele na ua nyuma. Amekaa chumba cha kwanza mkono wa kulia tangu mjomba, mumewe, afariki, vitano anapangisha. Chumba ni 4,000, stima ukilipa 500 kwa balbu, feni na kuchaji simu. Pasi ni marufuku, na asubuhi za Jumatatu utamsikia shangazi akinusa ukumbini. Choo kimoja, bafu moja. Mfereji wa uani una kufuli na ufunguo umefungwa kwenye ncha ya leso yake. Kuta ni za udongo zilizopakwa saruji, dari hakuna, mazungumzo ya chumba cha tatu unayasikia cha kwanza. Lakini ukumbi ule saa nane ya mchana una baridi kuliko sebule yoyote ya ghorofa ninayoijua, kwa kuwa mlango wa mbele na wa nyuma vinatazamana na upepo unapita moja kwa moja. Waliobuni nyumba ile hawakuwa wamesoma chuo, na hawakuhitaji yuniti 100.

Nilimuuliza, "Shangazi, mbona hujajenga? Vyumba vitano, elfu ishirini kwa mwezi. Ungepandisha ghorofa ungepata laki."

Akanitazama kama mtu aliyesahau alikozaliwa. "Nijenge juu ya nini, mwanangu? Nyumba ni yangu. Chini si kwangu."

Hilo msomaji wa bara huhitaji kuelezwa mara mbili. Mombasa mtu anaweza kuwa mwenye nyumba bila kuwa mwenye ardhi. Ukuta ni wake, paa ni lake, udongo ni wa familia nyingine ambayo huenda hajapata kuiona, na kila mwezi anapeleka kodi ya ardhi kwa wakala wao. Mizizi yake ni ya zamani. Ukanda huu wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukakodishwa kwa Waingereza mwaka wa 1895, na Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka wa 1908 ikawataka watu wajitokeze kuandikisha madai yao. Waliojua na waliokuwa na wakili waliandikisha. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa ya Serikali ya Kifalme, na waliokuwa wakiilima au kuikalia wakaamka ni wapangaji. Tudor, Majengo, Kisauni, Changamwe, Likoni, kila mtaa una hadithi yake ya namna hii. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, ndilo linalojulikana zaidi: mwaka wa 2016 wakazi walipewa hati, na kila mmoja akaambiwa alipe shilingi 182,000 kwa ardhi ambayo tayari alikuwa ameijengea na kuzaliana juu yake.

Kwangu hapa ndipo siri ya kodi nafuu ya Mombasa ilipo, na si upepo wala ukarimu wa watu wa pwani. Benki haikopeshi kwa ukuta usio na ardhi. Shangazi hawezi kukopa, hawezi kujenga, hathubutu hata kuweka choo cha pili maana mwenye ardhi akiuza kesho fidia atakayopewa ni ya huruma. Kwa hivyo chumba kinabaki vilevile alivyokiacha mjomba, na kodi yake inabaki chini. Mpangaji wake anadhani amepata bei nzuri. Amepata nyumba ambayo mwenyewe ameogopa kuitengeneza.

Nairobi imekosea kwa upande wa pili. Kule plotini kuna karatasi. Makampuni ya kununua ardhi yaligawa mashamba vipande vidogo, kila mwanachama akapata chake, na mwenye kipande akakijenga chote hadi mpakani kisha akapanda juu, ghorofa sita, saba, nane. Nimelala mtaa wa Pipeline usiku mmoja kwa rafiki. Asubuhi saa tatu taa zilikuwa zinawaka kwenye korido, na si kwa kusahaulika. Dirisha la chumba lilifunguka likagonga dirisha la jengo la pili. Kwa mdogo wangu Donholm kuna nafuu, lakini mwanawe hufanya kazi za shule saa kumi za jioni chini ya balbu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 6,247 kwa kilomita moja ya mraba Nairobi na 5,495 Mombasa. Tarakimu hizo haziko mbali. Unavyozihisi ndivyo vinavyotofautiana, kwa sababu sisi tumebanana chini na wao wamebanana juu.

Kwa hivyo nikiulizwa mji upi unakupa nyumba ya maana kwa pesa yako, naanza kwa kuuliza wewe ni nani. Kama una chumba kwa babako au nyumba ya wakfu ambayo familia imeikalia miaka hamsini, Mombasa ni rahisi kuliko mji wowote mkubwa ninaoujua. Kama unakuja mgeni na sanduku, utalipa dipoziti, utalipa dalali, utalipa mkokoteni, halafu Disemba itafika. Nyali, Bamburi na Shanzu mwenye nyumba anajua wageni wa sikukuu watamlipa kwa usiku tatu unacholipa wewe kwa wiki mbili, na nyumba za Airbnb zimeongezeka kila nilipozungusha macho. Sijui lini tulikubali kwamba mtu anayekuja siku nne ndiye aishi karibu na bahari na anayefanya kazi hapa akalale Mtwapa.

Na kipato ndicho kinachonizuia kuwashauri vijana wa Nairobi wahamie huku, ingawa wengi sasa wanatamani, wale wa kufanya kazi kwa kompyuta. Nairobi mtu akifukuzwa ofisi moja kuna nyingine ng'ambo ya barabara. Hapa tuna bandari, hoteli, na vinavyofuata nyuma yake. Treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza mwaka wa 2017 na makontena yakaelekezwa bandari kavu ya Nairobi, niliona kwa macho yangu vibao vya nyumba za kupangisha vikizagaa Magongo na Miritini, mitaa ya madereva na makarani wa depo. Agizo la kuyaelekeza huko liliondolewa Septemba 2022. Kodi za mitaa ile zilishuka kidogo wakati wa agizo hilo, na hakuna aliyesherehekea unafuu huo, kwa sababu waliobaki hawakuwa na cha kulipia hata hiyo iliyoshuka.

Mdogo wangu alirudi na treni siku ya tatu ya Idi, tiketi ya shilingi 1,500, na kalenda yetu akaipiga picha amwonyeshe mkewe. Wiki mbili baadaye mambo mawili yalitokea kwangu. La kwanza, plotini pa jirani, upande ambako dirisha langu la chumbani linatazama mkono wa bahari, wameanza kumwaga zege. Kibao kinasema ghorofa tisa. Mafundi wamefika ya tatu, wanaonana na sisi uso kwa uso, na juzi mmoja alimsalimu mke wangu akiwa jikoni. La pili, barua chini ya mlango: kuanzia Januari kodi itakuwa 28,000, kwa kuwa mtaa umepanda hadhi.

Nilimpigia mwenye nyumba. Ni mtu mzima, tunaheshimiana. Nikamwambia, "Mzee, unaniongezea elfu tatu mwezi ule ule ninaopoteza upepo."

Akacheka. "Bwana, upepo nilikuwa sikutozi."

Nimemwandikia nitamjibu mwisho wa mwezi. Jumamosi naenda Mikindani kuangalia nyumba ya 20,000, na dalali ameshaomba 500 za kunizungusha. Anasema sebule ni kubwa, ina marumaru mpya, na maji hayakatiki. Nimemwambia sebule tutaiona baadaye. Tukifika anifungulie kwanza mfereji wa jikoni, nami nitakuja na kikombe changu.